Potali ya fomu 34A ya mwaka 2022: nimeipa nyota 4, na hii moja iliyobaki naidai kabla ya Agosti 2027

Nimekaa na maoni haya muda mrefu manake kila nikitaka kuyaandika naona mjadala umeshageuka kuwa wa nani alishinda na nani aliibiwa, na mimi hapo sitaki kuingia, nataka kuongea juu ya huduma yenyewe, ile potali ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, iliyoweka fomu 34A, yaani karatasi ya matokeo ya kila kituo, za kura ya rais ya tarehe 9 Agosti 2022 wazi kwa yeyote mwenye simu na bando. Watu hutoa maoni juu ya hoteli, majiko ya gesi, nyumba za kupanga, fundi wa friji, lakini huduma ya umma kama hii ambayo inaweza kufanya mtaa ulale salama ama uwake moto hakuna anayekaa chini akasema hapa imefanya vizuri, hapa imetuangusha. Basi mi nasema, katika huduma zote za umma nilizotumia nchi hii, hii ndo ilinichukulia kama mtu mzima anayeweza kusoma karatasi na kujumlisha mwenyewe.

Kwa ambao hawakuifungua nieleze inavyofanya kazi. Kituo kinafungwa saa kumi na moja jioni, kura zinahesabiwa palepale darasani mbele ya maajenti wa vyama, karatasi moja moja inainuliwa juu, inasomwa, inaonyeshwa. Ikiisha afisa msimamizi wa kituo anajaza fomu 34A kwa mkono, maajenti wanatia sahihi, nakala moja inabandikwa mlangoni, halafu fomu inapigwa picha na kile kidude cha KIEMS kilekile kilichokusoma kidole asubuhi, na picha inapanda moja kwa moja mpaka kwa potali. Ile karatasi halisi yenyewe inasafiri, inaenda kituo cha kujumlisha cha eneo bunge halafu Bomas, Nairobi, kwenye kituo cha kitaifa cha kujumlisha, lakini picha imeshatangulia na wewe ushaiona. Vituo vilikuwa 46,229, kila kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hivo ni karatasi ndogo ndogo nyingi za watu wanaojuana, si hesabu moja kubwa inayotoka mahali usipopajua.

Kwenye potali unachagua kaunti, halafu eneo bunge, halafu wadi, halafu kituo, fomu inafunguka. Wakenya wa nje, yaani wale waliopiga kura Tanzania, Uganda, Qatar na kwengineko, waliwekwa mahali pao, na wafungwa mahali pao. Hakuna nywila, hakuna kujisajili, hakuna kuomba ruhusa kwa mtu. Hilo peke yake nalipa nyota nzima, manake tumezoea kila kitu cha serikali lazima uandikishe namba ya kitambulisho na jina la babu yako ndo uone ukurasa wa kwanza.

Sasa iangalie fomu yenyewe kwa karibu, manake wengi waliishia kuangalia namba mbili wakaifunga. Juu kuna jina la kituo na namba yake ya utambulisho ya tarakimu nyingi, chini majina ya wagombea wanne, Odinga, Ruto, Wajackoyah na Mwaure, mbele ya kila jina kura zake. Halafu kuna idadi ya waliosajiliwa kituoni, kura zilizokataliwa, kura halali. Chini zaidi kuna sehemu ya maajenti, jina, namba ya kitambulisho, chama, sahihi, na kuna nafasi ya ajenti kueleza kwa nini amekataa kutia sahihi kama amekataa, na nafasi ya afisa kuandika maoni yake. Na muhuri. Unaona mwandiko wa mtu, unaona pale kalamu ilipokatakata ikaandika tena, unaona mahali pengine muhuri umegongwa upande. Mi nilikaa usiku nikisoma fomu za Garissa, za Kisii, za Turkana, mahali sijawahi kukanyaga, na kile kitu kilinigusa, manake ni darasa fulani lenye taa ya kuchaji na walimu na vijana waliochoka wakijaribu kuandika saba isionekane moja.

Watakaouliza karatasi zina uhusiano gani na amani, nawarudisha nyuma. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo yalitangazwa jioni, rais akaapishwa muda huohuo Ikulu magharibi inaingia, matangazo ya moja kwa moja ya televisheni yakazimwa, na mwananchi wa kawaida hakuwa na karatasi hata moja mkononi ya kumwambia kituo cha kijijini kwao kilisema nini. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, zaidi ya laki tano walifurushwa makwao, Kiambaa kanisa likachomwa na watu ndani. Tume ya Kriegler baadaye ilikaa ikachunguza ikasema uchaguzi wenyewe uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Sisemi fomu zingezuia yale yote, manake kulikuwa na mambo ya ardhi, ya kazi, ya wanasiasa kulipa vijana, hayo yote Tume ya Waki iliyochunguza zile ghasia iliyaeleza. Lakini mtu akiwa hajui, anamuuliza anayemwamini, na katika nchi yetu anayemwamini mara nyingi ni wa kabila lake ama wa chama chake, na yule naye hajui, anasema alichosikia. Hapo hasira inapita kwenye njia za ukoo kwa sababu habari nayo imepita hapohapo. Ndo mana nasema mgogoro wa uchaguzi kwetu si chuki ya watu tu, ni suala la nani anashika ushahidi na nani anaambiwa tu aamini.

2017 tulijaribu nusu nusu. Mahakama ya Rufaa mwezi Juni mwaka ule ilisema matokeo ya kituoni ndo ya mwisho, Nairobi hawana ruhusa ya kuyageuza, na ule uamuzi wa kesi ya Maina Kiai kwangu ni mkubwa kuliko watu wanavyoupa heshima. Lakini siku zenyewe zilipofika namba zilikuwa zinakimbia kwenye skrini fomu zenyewe hazipo, mshindi akatangazwa na fomu kibao bado hazijaonekana, seva mahakama ikaagiza ifunguliwe na tume haikuifungua ilivyoagizwa. Siku chache kabla ya uchaguzi Chris Msando, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya teknolojia pale tume, alikuwa ameuawa. Kisumu mtoto wa miezi 6 alikufa kwa kipigo cha polisi. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, mara ya kwanza Afrika, na hii potali ya 2022 ni mtoto wa uamuzi ule kabisa, bila ule hatungeiona.

Sasa nieleze ilivyotumika mtaani kwetu Kisauni, Mombasa. Kesho yake baada ya kura pale barazani watu wamekaa na kahawa tungu na kashata kama kawaida, joto la maneno limeshapanda. Kuna ami wetu mmoja wa Azimio, muungano wa Odinga, wa damu kabisa, na kuna kijana wa boda upande wa Kenya Kwanza ya Ruto, hao wawili hata mechi hawaangalii pamoja. Kijana akafungua fomu ya shule ya msingi pale jirani, akamletea mzee simu. "Shikamoo ami, angalia hii, kituo chetu hiki." Mzee akavaa miwani, akaiangalia, akasema, "Marahaba. Lakini hii ya kwenye simu, mwanangu, mtu ameitengeneza." Kijana hakubishana. "Basi twende mlangoni ami, ile ingali pale." Wakaondoka, na sisi nyuma, mpaka shuleni, karatasi imebandikwa mlangoni upepo umeshaanza kuinua pembe moja. Mzee akashika karatasi kwa vidole, kijana akashika simu, wakasoma mstari kwa mstari, huyu anataja huyu anaitikia, mpaka kura zilizokataliwa, mpaka majina ya maajenti, na ajenti wa Azimio ni mtoto wa jirani, sahihi yake mzee anaijua. Zikalingana. Mzee akanyamaza kidogo akasema, "Hapa kwetu sawa. Kwengine?"

Na hilo swali lake ndo lenyewe. Akatoa simu akampigia mpwa wake Nakuru, akamwambia nenda kaangalie ya mlangoni kwenu halafu unisomee. Nyumba ile haikuhitaji kumwamini mwenyekiti wa tume, marehemu Chebukati Mungu amlaze pema, wala kituo cha televisheni, ilihitaji watu wawili wasiopatana wasimame mbele ya mlango mmoja. Potali ilichofanya ni kuwapa kitu cha kwenda kulinganisha, na mtu wa upande ule mwingine awe shahidi wako. Imani haikutoka kwa teknolojia, ilitoka kwa sahihi ya mtoto wa jirani, na ndo mana vyama vinavyotuma maajenti wasiolipwa chakula wanaoondoka saa mbili usiku kabla ya hesabu vinatuharibia kazi sote, hata wale wasiovipigia kura.

Haya, kasoro, na ya kwanza ndo nimeikatia nyota. Potali ilikupa fomu haikukupa jumla. Kila mtu ajijumlishie. Nadhani tume iliogopa yale ya 2017, namba kukimbia bila fomu, lakini matokeo yake ni kwamba televisheni kubwa ziliajiri watu wa kuketi na kuingiza fomu moja moja kwa mkono, hii imeanza na kaunti hizi, ile imeanza na zile, na kwa muda mrefu ukibadilisha stesheni unaona mtu tofauti anaongoza ilhali wote wanasoma karatasi zilezile. Fikiria mama anayeuza viazi karai kando ya barabara, televisheni ya duka la kushoto inasema huyu, ya kulia inasema yule, yeye atafikiria nini kama si kwamba kuna mchezo? Na hakukuwa na mchezo, ni mpangilio wa kazi tu. Halafu kabla ya tangazo zile hesabu za televisheni zikapunguza mwendo, nyengine zikasimama kabisa, na kule kusimama kukazaa uvumi mwengine wa siku kadhaa. Tume ingeweza kabisa kuweka jumla inayopanda ikiandikwa wazi hii ni ya fomu ngapi zilizofika kati ya 46,229 na si matokeo rasmi. Pia ingeweka zile namba kwenye jedwali mtu adaunlodi. Vijana wa kompyuta walilazimika kuchota picha maelfu kwa maelfu na kuzisoma upya, kazi iliyoshaingizwa mahali fulani ndani ya tume kwenyewe.

Ya pili, ilikuwa ya rais peke yake. Fomu za gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, mwakilishi wa wadi (MCA), hizo zilibaki mlangoni na kwenye mifuko. Sisi Mombasa kura ya gavana ilisukumwa mbele mpaka tarehe 29 Agosti sababu karatasi za kura zilichanganyika, sisi na Kakamega, na siku ile ilipofika potali haikutusaidia kitu. Na kusema ukweli kiti cha MCA ndo kinachogombanisha nyumba kwa nyumba, manake ndo mwenye basari, mwenye taa za mtaani, mwenye barabara ya vumbi, na anashinda kwa kura chache ambazo unaweza kuzitaja kwa majina. Ugomvi wa rais unaisha televisheni ikizimwa, wa MCA unakutana nao kisimani. Kama kuna mahali fomu ya wazi ingepunguza mapanga ni hapo.

Ya tatu ni ndogo lakini kwa watu wengi ndo kila kitu. Fomu ni picha. Kwenye simu ya kidole kimoja unazum unarudi unazum, bando linakwenda, na asiyeona vizuri hana msaada kabisa manake hakuna maandishi ya simu kumsomea. Mtandao wa simu niliokuwa natumia usiku ule ulikuwa unaleta nusu ya karatasi, kichwa kinakuja miguu haiji. Wenye leptopu na waifai walikuwa nchi yao, sisi yetu, na mwenye kabambe, simu ya vibonyezo, alikuwa anangoja skrinshoti za WhatsApp, kumbe skrinshoti ndo mahali pa kuchezea, nyengine zilikuwa feki za wazi na zikazunguka kwa kasi kuliko fomu zenyewe. Kungekuwa na njia ya kutuma namba ya kituo kwa meseji ya kawaida urudishiwe kura za kila mgombea, wazee wengi wangekaguana wenyewe.

Tarehe 15 Agosti kule Bomas mliona wenyewe. Ruto 7,176,141, Odinga 6,942,930, tofauti ni 233,211 katika nchi yenye wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni 22, na dakika zilezile makamishna wanne kati ya saba wa tume wako hotelini, mahali pengine, wanayakataa matokeo. Mi moyo uliniruka manake hiyo ndo picha ya 2007 yenyewe, tofauti ndogo, tume imegawanyika, jukwaani wanasukumana. Kisumu na Kibera watu walitoka, matairi yakachomwa. Lakini haikuenea kama zamani. Hoja ikahamia kwenye karatasi, wanasheria wakabeba fomu wakaenda Mahakama ya Juu, wakadai zimechezewa njiani. Mahakama ikaagiza ukaguzi, boksi za vituo kadhaa zikafunguliwa zikahesabiwa upya, vikiwemo vya huku kwetu Jomvu na Mvita, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakasema fomu za potali na zile halisi hazina tofauti ya maana. Wapo wasioridhika mpaka leo na ni haki yao, ami wetu pale barazani ni mmoja wao. Lakini hata yeye akibisha sasa anabisha kwa kutaja kituo na kutaja fomu. Hasemi tena "kabila fulani wametuibia". Mimi hiyo naihesabu kuwa kazi kubwa.

Isije mtu akanielewa vibaya nikaonekana naiuza kama dawa. Haikuleta watu kupiga kura. Waliojitokeza 2022 walikuwa kama asilimia 65, na 2017 Agosti walikuwa juu ya 77. Vijana wa miaka 18 mpaka 34 walikuwa asilimia 39.84 tu ya daftari, wamepungua kuliko 2017, na Pwani hali ilikuwa mbaya zaidi, vituo vyengine maafisa walikuwa wanapiga miayo. Kijana ambaye haoni tofauti ya huyu na yule hata umpe fomu zenye dhahabu hatazifungua. Na ni vijana haohao Juni 2024 walioingia barabarani dhidi ya mswada wa fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakatumiana namba za wabunge, na tarehe 25 wengine wakaingia bungeni wengine wakapigwa risasi. Kwa hivo usiniambie hawapendi kushiriki. Wanapenda kushiriki mahali wanaona karatasi na wanaona mkono wao umefika. Uhusiano wa mambo haya mawili mi nauona mmoja, fomu mkononi na mswada mkononi, mtu akiacha kuambiwa akaanza kusoma mwenyewe hanyamazi tena kirahisi.

Mkitaka kujua thamani ya hii huduma angalieni kwengine. Malawi mwaka 2020 mahakama ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu fomu zilipakwa Tipp-Ex, ile rangi nyeupe ya kufutia maandishi, na wangekuwa hawajaziona hizo fomu wangejuaje? Nigeria Februari 2023 waliahidiwa picha za fomu zitapanda siku hiyohiyo, za bunge zikapanda, za rais zikakwama, na ahadi ile iliyovunjika iliwauma watu kuliko kama wasingeahidiwa kabisa. Na ndugu zetu Tanzania Oktoba 2025 intaneti ilizimwa siku ya kura yenyewe, mgombea mkuu wa upinzani yuko ndani kwa kesi ya uhaini, matokeo yakatoka asilimia karibu 98 kwa rais aliyepo, na kwa katiba yao matokeo ya rais yakishatangazwa na tume hayapelekwi mahakamani. Pale hata uwe na potali nzuri vipi utaifungulia wapi? Watu waliuawa na wengi mpaka leo wanatafuta jamaa zao. Ninapoandika hivi nina marafiki Tanga na Dar ambao wakati ule simu zao zilikuwa kimya, na sikuwa na njia ya kujua wako hai.

Hapa kwetu tume ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025, miaka miwili na nusu mtu hana wa kumwandikia barua. Sasa ipo mpya, na kura ni tarehe 10 Agosti 2027. Ninachokitaka ni hivi na nimekiandika pia kwa barua rasmi. Fomu za viti vyote sita zipande, MCA mpaka rais, zikichelewa siku moja si neno bora zifike. Jumla inayopanda iwekwe na idadi ya fomu zilizofika. Namba ziwe kwenye jedwali la kudaunlodi na pia kwa meseji ya simu ya kawaida. Fomu ikirekebishwa ile ya kwanza isiondolewe, ziwekwe zote mbili na saa ya kila moja. Na za zamani zibaki wazi miaka yote, mtoto wa shule akitaka kusoma fomu ya kituo cha nyanya yake ya 2022 aipate.

Kwa upande wetu sisi, ukienda kupiga kura asubuhi rudi jioni upige picha ile ya mlangoni mapema kabla haijanyeshewa, ionekane muhuri na jina la kituo, na umtafute jirani wa chama kingine mwende pamoja. Kisauni tayari tumeshaanza kupangana zamu za milango.